Sikukuu Chomboni: Kutoka Toten Hadi Fungu la Maziwe

Ikifika wiki ya Krismasi, mzigo wa Pemba hukatika. Maduka ya jumla yanafunga hesabu, wachukuzi wanarudi makwao, na majahazi yanalala bandarini Tanga yakingoja Januari. Mabaharia wengi tuna chumba cha kupanga mjini ambacho tunakilipia bila kukilalia, kwa sababu nyumba yetu ni chombo. Tangu kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, inapoanza kuvuma mpaka inapokufa tunalala humo, tunapika humo, tunafua humo. Mwisho wa mwaka 2024 nahodha wetu, ambaye ni mjomba wangu, aliamua kwamba safari hii jamaa ndio watatufuata. Mkewe na watoto wake wakaja chomboni, tukala sikukuu visiwani.

Visiwa vya Tanga kila mtu wa mji huu anavijua kwa macho. Ukikaa Raskazone jioni unaviona vyote vilivyo karibu, na watoto wanavitaja majina. Lakini waulize wangapi wamewahi kuvikanyaga, utakuta ni wavuvi na wageni waliolipia mashua ya matembezi. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike habari hizi siku kwa siku.

Njia yote mjomba aliipanga kwa mwezi. Krismasi iliangukia maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, siku chache baada ya mwezi kubaki nusu. Mwezi ulikuwa unakwisha usiku wa kuamkia tarehe 31, kwa hiyo Mwaka Mpya ungeingia na bamvua, maji yanayojaa na kupwa kuliko siku zote. Maziwe, fungu la mchanga nje ya Pangani, inataka bamvua ili ionekane yote, na hori ya Mtangata, mkono wa bahari ulioingia bara, inataka maji mengi ili jahazi lipite. Basi Toten na Ulenge, visiwa vya karibu na mji, zikawekwa mwanzo, Maziwe mwisho.

Jumanne, 24 Desemba. Bandarini Tanga

Asubuhi nilikwenda soko la Mgandini na mpishi. Mchele, vitunguu, viazi, nazi, mbaazi, bizari, maembe ya kutosha na kuku wawili wazima. Tulijaza madumu ya maji baridi, tukashusha magunia ya mchanga ngamani, chini kabisa ya chombo, yawe farumi, maana jahazi tupu halikai sawa kwenye maji.

Mke wa mjomba alifika saa nane na watoto wake watatu. "Shikamoo mkaza mjomba." "Marahaba mwanangu. Nionyeshe kwanza watoto watalala wapi." Nikamwonyesha feuli ya tezi, chumba kidogo cha nyuma ya chombo, tuliyoisafisha na kutandika majamvi. Aliingia, akagonga mbao kwa vidole, akainusa shuka, akaridhika. Watoto walivalishwa jaketi okozi, wakaambiwa hazivuliwi mpaka wakati wa kulala.

Tulitia nanga kati ya gati na Toten. Siku hizi gati zimechimbwa hadi kina cha mita 13 na meli kubwa zinafunga kando kabisa. Zamani meli ilikaa katikati ya ghuba na tishari ndizo zilizokwenda na kurudi na shehena. Kwa sisi wenye vyombo vidogo ghuba imekuwa na taa nyingi usiku, na mwendo wa kuangalia zaidi.

Mpishi wetu ni Mbondei wa Muheza, Mkristo pekee kati yetu. Aliomba ruhusa aende misa ya mkesha Kanisa Kuu la Mtakatifu Antoni. Mjomba akamwambia serahangi, msimamizi wa mabaharia, ampeleke kwa kihori, mtumbwi wetu mdogo, na amngoje. Serahangi ni Mdigo wa Moa, mtu wa sala tano. Alikaa ngazini peke yake mpaka misa ikaisha, wakarudi pamoja baada ya saa sita usiku.

Jumatano, 25 Desemba. Toten

Tulimwamsha mpishi kwa "Heri ya Krismasi" ya watu wote kwa pamoja. Kuku aliwachinja serahangi ili kila mmoja apate kula, kisha chombo kizima kikakabidhiwa kwa mpishi.

Pilau ya chomboni ina taratibu zake. Jiko la makaa linakaa ndani ya sanduku lenye mchanga, limezungushiwa bati upande wa upepo ili cheche zisiruke kwenye tanga. Mchele unaoshwa kwa maji ya bahari, na suuza ya mwisho tu ndiyo inayopata maji baridi, kwa hiyo chumvi ya sufuriani inapunguzwa. Sufuria limefungwa kamba kwenye masikio yote mawili, kwa sababu boti ya bandari ikipita kwa kasi chombo kinayumba. Mpishi alikaanga vitunguu bila haraka mpaka vikakaribia kuungua, hapo ndipo akatia thomu na tangawizi alizoponda kinuni, akafuatisha mdalasini, iliki, pilipili manga, bizari ya pilau na karafuu tulizorudi nazo wenyewe kutoka Wete, Pemba. Viazi viliingia, kuku akaingia, kisha maji. Mchele ulipokaukia akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko, akakataa mtu yeyote asifunue. Harufu ilifika kwa majirani. Mashua mbili zilizolala karibu zilipelekewa sahani, zikarudi na kachumbari na chupa ya chai.

Tulikula kwenye sinia mbili, wanaume omo, upande wa mbele, mkaza mjomba na watoto tezi. Mpishi aliomba dua yake kwa sauti, tukaitikia.

Maji yalijaa kama saa sita mchana, na hapo ndipo wakati wa kushuka Toten. Kisiwa hiki kimezungukwa na mikoko. Maji yakijaa, kihori kinapita katikati ya mizizi mpaka nchi kavu. Yakipwa, inabaki kupiga magoti kwenye tope. Juu kuna mibuyu minene, vichaka, na magofu ya misikiti ambayo mizizi imeshaingia kwenye kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa. Watu wa Tanga waliishi hapa kabla makazi hayajahamia ng'ambo. Makaburi yapo, mengine yamefunikwa kabisa na majani.

Mjomba alisimama kwenye moja wapo, akasoma Fatiha, na mtoto wake mdogo akauliza ni kaburi la nani. "La mtu wa kwetu," akamjibu. Ukigeuka pale unaona jengo la bandari na winchi zake, hazifiki hata nusu saa kwa kasia. Mji mzima unaishi umeyatazama makaburi ya wazee wake, na njia ya kuyafikia imemezwa na miiba. Naomba siku moja mtu mwenye mamlaka ashuke pale na panga.

Alhamisi, 26 Desemba. Bado Toten

Siku ya kazi ndogo. Kutoa maji ngamani, kushona pindo la tanga, kuanika nguo. Watoto walijifunza kupiga kasia.

Ijumaa, 27 Desemba. Kwenda Ulenge

Tulisali Ijumaa mjini. Tulipotoka msikitini maji yalikuwa yamejaa pomoni na yanaanza kugeuka, na hiyo ndiyo saa mjomba aliyokuwa akiingoja. Kutoka ghubani kwenda Ulenge kaskazi inakupiga usoni, lakini maji yanayotoka yanakusukuma mgongoni. Tulipiga bisho ndefu ndefu, kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, na kila tulipogeuza foromali, mti unaobeba tanga, tulijikuta mbele kuliko upepo ulivyotaka. Mashine ipo, ila mjomba anaihesabu kuwa ya dharura, na mafuta yake ameyafunga kwa kufuli.

Upande wa kushoto ni Chongoleani. Pale ndipo litakapoishia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, urefu wa kilomita 1,443. Mjomba alipita mbali na eneo la ujenzi, kwa sababu vyombo vidogo havitakiwi kukaribia. Alipokuwa kijana alikuwa akitega madema ya samaki huko. Hakusema zaidi ya hapo.

Tulitia nanga ng'ambo ya Ulenge jua likizama. Zuhura ilikuwa juu magharibi, na Mushtari ikapanda mashariki karibu na Kilimia.

Jumamosi, 28 Desemba. Ulenge

Kisiwani kuna mnara wa taa uliojengwa enzi za Mjerumani, mikoko, na mchanga mweupe upande mmoja. Maji yalikuwa makavu asubuhi, tukazunguka kwa miguu. Watoto walijaza mikono makombe, mama yao akawaambia wachague mojamoja na mengine wayarudishe, na wakayarudisha.

Mimi na serahangi tulipiga mbizi kwenye mwamba. Kuna sehemu nzuri kweli: matumbawe yaliyosimama, changu, kasuku, vikundi vya samaki wadogo wa buluu. Kisha unafika mahali ghafla hakuna kitu, ila shimo la duara na vipande vya matumbawe vilivyolala kijivu kama chokaa iliyomwagwa. Hiyo ni kazi ya baruti. Pwani ya Tanga imeteswa na baruti kwa miongo mingi. Ilifika wakati ukilala baharini unasikia mlio wake mchana kutwa, na samaki waliopasuka matumbo wanauzwa sokoni bila haya. Tangu operesheni kali za mwaka 2017 na 2018 mlio umekuwa nadra. Kwenye kingo za shimo moja niliona matumbawe machanga, ukubwa wa kidole gumba. Nilipanda juu, nikavuta pumzi, nikarudi kuyatazama tena.

Usiku serahangi aliwasimulia watoto habari za silikanti. Samaki huyu wataalamu walimjua kwenye mawe tu, wakasema aliisha duniani pamoja na madinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu walianza kunaswa kuanzia mwaka 2003, kwenye majarife ya papa yanayotegwa maji marefu. Serahangi alimwona mmoja ufukweni: mkubwa, magamba magumu, mapezi yenye nyama kana kwamba yanataka kuwa miguu. Nyama yake ina mafuta, hailiki kwa raha. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayoshika pwani tangu karibu na mdomo wa mto Pangani mpaka kaskazini ya mji. "Kwa hiyo yupo hapa chini yetu?" mtoto wa kike akauliza. "Si hapa. Kule nje, kwenye ukingo, giza lilipo." Mtoto akataka kulala katikati ya watu.

Ilinyesha mvua usiku. Tulitandaza turubai, tukakinga madumu mawili ya maji baridi.

Jumapili, 29 Desemba. Ulenge hadi Mtangata

Leo kaskazi ilikuwa yetu. Tulipandisha tanga baada ya chai na upepo wa tezi ukatuchukua kusini.

Tulipita Raskazone kwa nje. Hapo ndipo Waingereza waliposhusha majeshi yao, wengi wao askari kutoka India, mwanzoni mwa Novemba 1914. Walikuwa wengi mara nyingi kuliko kikosi cha Mjerumani kilichowangoja mjini, na bado walishindwa, wakarudi melini. Nyuki wa mizinga iliyokuwa porini nao waliwatoka wakali. Watoto waliipenda hiyo ya nyuki kuliko yote.

Yambe tuliiacha ubavuni, kisiwa kirefu cha mikoko, tukaingia hori ya Mtangata saa tisa, maji yakiwa yamejaa. Pale Tongoni kuna gofu la msikiti mkubwa na makaburi zaidi ya 40, baadhi yakiwa na nguzo zilizosimama na nyingine zilizolala vipande. Kwenye uso wa kaburi unaona mashimo ya mviringo yalikowekwa bakuli za kigeni zikang'olewa. Msimamizi alitupokea vizuri, tukalipa, tukazunguka naye.

Mtangata ulikuwa mji wa biashara Wareno walipofika. Vasco da Gama alipokuwa anapanda pwani hii Aprili 1498, meli yake moja, São Rafael, ilikwama kwenye miamba ya nje hapa. Akarudi kutoka India Januari 1499 na mabaharia waliosalia wachache, hawatoshi kuendesha meli zote, ndipo akaiteketeza kwa moto papo hapo. Mjomba anaijua miamba hiyo mmoja mmoja. Alisimama kwenye ukuta wa msikiti akaielekeza kwa kidole, akaeleza maji yanavyoivuka na wapi yanadanganya. Nilimsikiliza nikaona kwamba maarifa yaleyale aliyoyakosa nahodha wa São Rafael hayakuwahi kuondoka hapa. Yamepita mkono kwa mkono mpaka kwa mtu huyu ambaye usukani wake naushika kila siku.

Tulilala horini. Kabla maji hayajapwa tulitia magadi, miti ya kuegemeza chombo, pande zote mbili, na ilipofika saa tatu usiku jahazi lilikuwa limekaa juu ya tope, limesimama wima bila kutikisika. Mkaza mjomba alisema huo ndio usingizi wake bora wa safari nzima.

Jumatatu, 30 Desemba. Kigombe na Pangani

Chombo kilielea kama saa tisa usiku. Tuliondoka na umande, pepo nyepesi ya bara yenye harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni.

Jua lilipopanda maji yakawa yanakimbia. Mbele ya Kigombe mwamba ulikuwa nje, na akina mama walikuwa wametawanyika juu yake na vyuma vyao wakitafuta pweza. Tulitia nanga nje ya mwamba, mimi na mkaza mjomba tukaenda kwa kihori. "Hamjambo mama zangu?" "Hatujambo. Mnatoka Tanga na watoto?" Walimcheka kwa furaha mkaza mjomba kwa kuhama nyumba. Nilimwangalia mama mmoja mtu mzima akifanya kazi. Hakupepesa macho huku na huku. Alisimama mbele ya tundu ambalo mimi nisingelitofautisha na lingine lolote, akaonyesha kokoto chache zilizopangwa mlangoni, akachomeka chuma kwa pembeni na kukitikisa kidogo. Pweza akashika chuma. Akamvuta, akamgeuza kichwa, kimya. Alituuzia wawili na kutufundisha tusitie chumvi mpaka waive.

Tuliingia mto Pangani na maji ya saa kumi jioni. Mdomo wa mto una fungu la mchanga linalohama, na mjomba aliomba mvuvi wa pale atangulie na ngalawa. Nahodha mzuri haoni aibu kufuata mtu anayelijua fungu lake.

Pweza alipikwa kwa nazi. Hakubaki.

Jumanne, 31 Desemba. Pangani

Tulikaa upande wa mjini, Bweni ikiwa ng'ambo, kivuko kikienda na kurudi na pikipiki na magunia, na daraja jipya likijengwa. Asubuhi nilikwenda na mjomba kulipia kibali cha Maziwe, kwa kuwa ni eneo tengefu na huendi bila idhini. Kijana wa hifadhi akaahidi kufuatana nasi.

Mchana tuliwatembeza watoto mjini. Pangani ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, aliponyongwa Desemba 1889. Majumba ya kale yenye milango ya nakshi yanaanguka taratibu, na ndani ya baadhi yake watu bado wanaishi, wanaanika nguo kwenye baraza za ghorofa.

Usiku haukuwa na mwezi. Saa sita kamili kengele ililia, vijana wakapiga kelele ufukweni, na majahazi yaliyokuwa mtoni yakagonga masufuria. Mpishi alitukumbatia mmoja mmoja. Mjomba alinitakia heri, kisha akanikumbusha kwamba saa kumi na moja tunang'oa nanga.

Jumatano, 1 Januari 2025. Maziwe

Tulitoka na maji ya alfajiri, tukashika kusini mashariki, kaskazi ikitupiga ubavuni. Saa nne mjomba alisimama omo akanyoosha mkono. Kwanza niliona maji yamebadilika rangi, kutoka buluu nzito hadi kijani cheupe. Kisha povu la mwamba. Kisha shakwe wengi wamekaa mahali ambapo kwa macho yangu palikuwa bado bahari. Kila tulivyokaribia, mchanga ulizidi kupanda, mpaka kikawa kisiwa kamili, cheupe, bila mti hata mmoja.

Mjomba alivua viatu kabla hajashuka kwenye kihori. Mara ya kwanza kufika Maziwe alikuwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili, amekuja na baba yake dago, kambi ya wavuvi. Wakati huo kulikuwa na mivinje mikubwa. Walilala chini yake, walikausha samaki kwenye kivuli chake, na usiku walisikia kasa wakipanda kutaga, wakivuta pumzi nzito na kurusha mchanga. Maziwe ilikuwa mahali pakubwa pa kasa kutaga kwenye pwani hii, kasa wa aina tatu. Mwaka 1975 ikawekwa chini ya hifadhi. Lakini mchanga ulikuwa unaliwa, miti inaanguka mmoja mmoja, na miaka ya themanini ilipoanza hapakuwa na mti tena. Mjomba anaamini waliokata miti ndio waliomfungulia bahari mlango, kwa kuwa mizizi ndiyo iliyoushika mchanga. Mimi namwamini. Mchanga usio na mzizi tunauona kila ufukwe unavyokwenda.

Alitafuta alama zake bara, mlima na mdomo wa mto, akatembea kuzifuata mpaka maji yakamfika kiunoni. "Hapa ndipo tulipokuwa tunalala," akasema. Watoto wake walikuwa wamemfuata wakiogelea na jaketi zao. Akawaambia wapige mbizi washike mchanga wa pale, wakaushika.

Kijana wa hifadhi alitueleza kwamba kasa bado wanakuja. Wanapanda usiku, wanataga kama mama zao walivyotaga, na mayai yakiachwa yanafunikwa na maji na kuoza. Kwa hiyo watu wanayahamisha, yai moja moja bila kuligeuza, hadi ufukwe wa Ushongo, yanafukiwa upya kwa kina kilekile, na baada ya karibu miezi miwili vifaranga vinatoka. Nilimuuliza kama vikikua vitarudi Ushongo au Maziwe. Akasema yeye kazi yake ni kuhakikisha vinafika majini.

Mkaza mjomba alikuwa ameamka mapema kukaanga mahamri, tukayala na mbaazi za nazi juu ya mchanga, tukamalizia na maembe. Makokwa na karatasi zote zikarudi chomboni. Huvui hapa, huokoti hata kombe. Tulitazama tu, na kutazama kulitosha: ndani ya mwamba maji ni maangavu hata unamwona chewa amejificha chini ya jiwe, na nyota wa bahari wekundu wametapakaa kwenye majani. Mpishi, ambaye amekulia kwenye michungwa ya Muheza na hapendi maji marefu, alikaa kwenye kina cha kifuani karibu saa nzima na miwani ya kuazima.

Kuanzia saa saba mchana maji yalirudi. Hayakuja kwa mawimbi. Yalipenya kutoka pembeni, yakajaza mifuo, yakakata ncha ya kusini ikawa fungu lake peke yake. Kaa walikimbilia juu, na shakwe wakasogea pamoja nao. Saa nane na nusu tulikuwa tumesimama watu wote juu ya kipande kidogo, maji yakitugusa vifundo. Mtoto mdogo wa mjomba alianza kulia, si kwa hofu, alitaka kujua kaa watakwenda wapi. Tulipanda kihori. Kutoka sitahani tuliangalia mpaka mchanga wa mwisho ulipofunikwa, na shakwe wakaruka wote mara moja.

Nimepita karibu na Maziwe na mzigo usiku mara nyingi, nikiihesabu kuwa hatari ya kuepuka. Sasa naijua kwa miguu, na nimeona mtu mzima akisimama majini mahali alipokuwa na kivuli. Mtoto wa Pangani au wa Tanga anayesoma habari za bahari kupanda darasani, somo lake liko hapa, safari ya asubuhi moja.

Tuliwahi mdomo wa mto na maji ya jioni. Jua lilipozama serahangi alikuwa ameshapanda juu ya foromali. "Huo!" Mwezi mwembamba juu ya minazi, Zuhura juu yake. Rajabu imeandama. Wanaume walinyanyua mikono wakaomba dua, mkaza mjomba naye akaomba yake, na mpishi akasema Amina pamoja nasi. Miezi miwili tena Ramadhani.

Alhamisi, 2 Januari. Kurudi

Kaskazi imetukataa. Umande wa alfajiri ulitufikisha mbele ya Kigombe, baada ya hapo ni bisho mpaka mikono ikachubuka. Tumelala nyuma ya kisiwa cha Karange.

Ijumaa, 3 Januari. Tanga

Tumefunga kabla ya sala ya Ijumaa. Kesho tunatoa farumi na kupakia saruji ya kupeleka Wete, Jumapili tunaondoka. Idd itaangukia mwisho wa Machi, kaskazi ikiwa imechoka, na mjomba ameshasema tutakwenda upande wa pili: Kwale, Kirui, kisha Moa kwa akina serahangi. Mkaza mjomba ameacha sufuria lake kubwa chomboni kwa ajili hiyo.